Gari la Umeme Bila Pa Kuchajia Nyumbani: Kuliuza au Kubaki Nalo

Gari lile lile la umeme huwa magari mawili tofauti kutegemea mahali linapolala. Likilala penye soketi, mwenyewe huamka akakuta chaji ya kumtosha siku nzima, na miezi hupita bila yeye kukanyaga kituo cha kuchajia. Likilala kando ya barabara au katika maegesho ya pamoja yasiyo na umeme, kuchaji kunakuwa safari ya kupangiwa siku na saa, na kila safari ina foleni yake, bei yake na mashaka yake. Ndiyo maana ushauri wa mwenye soketi haumfai sana asiyekuwa nayo, hata kama wote wawili wanaendesha gari la aina moja na la mwaka mmoja.

Suala hili lilinifika nilipohama nyumba yenye banda la gari na kuingia ghorofa ya nne, katika jengo ambalo maegesho yake hayakuwa na soketi hata moja. Kwa wiki sita niliandika katika daftari kila mara nilipochaji: tarehe, asilimia niliyofika nayo, asilimia niliyoondoka nayo, uniti nilizonunua, na dakika nilizokaa, nikitenga dakika za kungoja zamu na dakika za kuchaji kwenyewe. Kabla ya kuanza nilikuwa na hakika kwamba nitauza, na wiki mbili za kwanza zilinizidishia hakika hiyo. Ilipotimia wiki ya sita, hakika yenyewe ilikuwa imeyeyuka. Wengi huuza katika mwezi wa kwanza wa kero, na mwezi wa kwanza ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa mtu bado hajajua ni kituo kipi huwa kitupu na kwa saa zipi.

Saa za kuchaji

Gari la umeme la kawaida hutumia kati ya kilowati-saa 15 na 20, yaani uniti 15 hadi 20, kwa kila kilomita 100, na magari makubwa ya familia hupita hapo. Tuchukue 18. Mtu anayeendesha kilomita 250 kwa wiki anahitaji uniti 45 ndani ya betri, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji, hasa kwa chaji ya polepole, tuseme atanunua 50. Soketi ya kawaida ya ukutani yenye volti 230 ikitoa ampea 10 ina nguvu ya kilowati 2.3, kwa hiyo uniti hizo zitachukua saa 22 hivi, ambazo kwa gari linalolala kwenye soketi ni sawa na kulala mara tatu. Chaja ya kilowati 7 itamaliza kazi kwa saa saba, na ya kilowati 11 kwa muda usiofika saa tano. Kituo cha haraka cha kilowati 50 kitahitaji saa moja na dakika chache, na cha kilowati 150 kitahitaji nusu saa hivi, ikiwa gari lenyewe lina uwezo wa kupokea nguvu hiyo.

Kwa hesabu hiyo pekee, kubaki na gari kunaonekana jambo jepesi, kwa sababu hakuna mtu anayeuza gari kwa ajili ya nusu saa kwa wiki. Kinachobadili mambo ni ukubwa wa betri. Chaji ya haraka hufanya kazi vizuri betri ikiwa chini ya asilimia 80. Kuanzia hapo gari hupunguza nguvu inayoingia ili kuilinda betri, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda unaokaribiana na zile zote zilizotangulia. Anayetegemea vituo vya haraka, basi, hutumia zaidi sehemu iliyo kati ya asilimia 20 na 80. Kwa betri ya uniti 60, sehemu hiyo ni uniti 36, sawa na kilomita 200, na msafiri wetu wa kilomita 250 atakwenda kituoni mara moja kwa wiki, baadhi ya wiki mara mbili. Kwa gari kongwe kama Nissan Leaf ya mwanzo, iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2010 na betri ya uniti 24, habari ni nyingine. Betri ya umri huo ikiwa imebaki na uniti 20, asilimia 60 yake ni uniti 12, ambazo ni kilomita 67 tu, na mtu yule yule atakwenda kituoni karibu mara nne kila wiki. Hapo mimi sioni cha kujadili: gari la namna hiyo apewe mwenye soketi nyumbani, ambaye litamtumikia vizuri kwa safari zake fupi.

Nakumbuka jioni moja ya mvua nilipolazimika kujaza betri hadi mwisho kwa ajili ya safari ya alfajiri. Kwenye asilimia 81 nguvu iliyokuwa ikiingia ilikuwa imeshuka kutoka kilowati 90 na ushei hadi 34, kisha ikaendelea kushuka, na asilimia 19 zilizobaki zilinichukua dakika 41, huku dereva aliyekuwa nyuma yangu akiniwashia taa kila baada ya muda. Alikuwa na haki ya kukasirika. Mwenye soketi nyumbani haijui jioni ya namna hiyo, kwa sababu asilimia zake 19 za mwisho huingia akiwa amelala.

Hata hivyo, saa za kituoni hazina uzito mmoja. Katika daftari langu, dakika za kuchaji nilipokuwa dukani au kwenye mazoezi hazikuniuma hata kidogo, ilhali dakika za kungoja zamu ndani ya gari ziliniuma zote. Anayelinganisha kubaki na kuuza ahesabu hizo za pili peke yake. Zikiwa chini ya nusu saa kwa wiki, kubaki kunavumilika. Zikizidi saa moja wiki baada ya wiki, hata mwenye subira atachoka kabla ya mwaka kuisha.

Gharama za kila kilomita

Faida kubwa ya gari la umeme hutokana na umeme wa nyumbani, hasa wa usiku pale shirika la umeme linapotoza bei nafuu kwa saa hizo. Umeme wa vituo vya haraka ni ghali zaidi, kwa sababu ndani ya bei yake mna gharama za mashine, za transfoma, za kiwanja na za matengenezo, na pengine kodi pia hutofautiana: nchini Uingereza, kwa mfano, kwa miaka mingi umeme wa nyumbani umetozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na ule wa vituo vya umma asilimia 20.

Kuna kipimo rahisi kinachofaa popote. Gari la petroli linalolingana na lako hutumia lita 7 hivi kwa kilomita 100, na lako, pamoja na upotevu, linahitaji uniti 20. Bei ya uniti 20 italingana na bei ya lita 7 pale uniti moja inapouzwa kwa asilimia 35 ya bei ya lita moja. Kwa hiyo, uniti ya kituoni ikiuzwa kwa zaidi ya theluthi moja ya bei ya lita ya petroli, faida yako ya mafuta imekwisha, na kinachobaki ni faida nyingine za gari la umeme. Ukililinganisha na haibridi ya kawaida, yaani gari la petroli linalosaidiwa na mota ya umeme bila kuchomekwa popote, inayotumia lita 5, mpaka unashuka hadi robo ya bei ya lita. Hesabu hii huchukua dakika mbili, na nashangaa ni wangapi wanaobishana juu ya jambo hili kwa miezi bila kuifanya.

Mwenye kubaki na gari lake anaweza kuipunguza bei hiyo kwa njia kadhaa. Baadhi ya kampuni za vituo hutoza nafuu kwa anayelipa ada ya mwezi, na baadhi hutoza nafuu usiku wa manane. Chaja za polepole zilizo katika maegesho ya maduka na ofisi kwa kawaida huuza uniti kwa bei ya chini kuliko za haraka. Upande wa hasara, vituo vingi hutoza faini kwa kila dakika gari linapoendelea kuchomekwa baada ya chaji kukamilika, na kuna matumizi madogo ambayo mwenye soketi hayaoni: kamera za ulinzi zinazokesha gari likiwa limesimama, kupasha joto au kupoza ndani kabla ya safari, na baridi kali inayoweza kupunguza umbali wa betri kwa robo au zaidi. Nyumbani mambo hayo hulipwa na soketi bila mtu kutambua, lakini barabarani yanakula betri uliyoichaji kwa tabu. Nilipozima kamera za ulinzi usiku, nilipata karibu asilimia 5 zaidi kwa wiki.

Katika matengenezo, gari la umeme bado linashinda hata bila soketi. Halibadilishwi oili ya injini, halina mkanda wa taimingi, na breki zake hudumu kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Kinachokwisha mapema kidogo ni tairi, kwa sababu ya uzito. Anayeuza ili anunue la petroli asisahau kuiweka tofauti hiyo mezani.

Je, chaji ya haraka itaua betri?

Hofu hii ndiyo inayotajwa kwanza na wanaotaka kuuza, na kwa magari mengi ya sasa imekuzwa kupita kiasi. Betri huchakaa kwa joto, kwa kukaa siku nyingi ikiwa imejaa kabisa au karibu tupu, na kwa umri wenyewe. Gari lenye mfumo wa kupoza betri kwa kimiminika hudhibiti joto la chaji ya haraka na kupunguza nguvu inapobidi, na waranti ya kawaida ya watengenezaji ni miaka 8 au kilomita 160,000, kwa ahadi kwamba betri haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake wa awali. Leaf za mwanzo hazikuwa na mfumo huo wa kupoza, na katika maeneo ya joto betri zake zilichakaa haraka. Sifa mbaya iliyotokana nazo imeendelea kuyaandama hata magari yasiyohusika.

Aina ya betri nayo ina maana katika uamuzi huu. Betri za nikeli, manganizi na kobalti kwa kawaida hushauriwa zichajiwe hadi asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku, ilhali zile za lithiamu, chuma na fosfeti huvumilia kujazwa hadi 100, na watengenezaji huwataka wenye nazo wazijaze mara kwa mara ili kipimo cha chaji kisipotoke. Asiye na soketi mwenye betri ya aina ya pili anaweza kuitumia karibu yote bila kuionea huruma, ila kujaza huko hadi 100 kunahitaji chaja ya polepole, si kituo cha haraka chenye foleni. Kama hujui gari lako lina aina ipi, kitabu chake kinasema.

Kabla ya kuamua, tafuta soketi moja

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoliona suala hili kuwa la nyumbani tu. Gari halihitaji kuchajiwa nyumbani. Linahitaji kuchajiwa mahali linaposimama kwa saa nyingi bila mtu kulingojea, na kwa watu wengi mahali hapo pa pili ni kazini. Saa tisa kwenye soketi ya kawaida ya kilowati 2.3 ni uniti 20 na ushei. Siku mbili za namna hiyo kwa wiki zinakaribia kumaliza mahitaji ya kilomita 250.

Kwa upande wa nyumbani, mpangaji aanze kwa barua kwa mwenye nyumba, na mwenye fleti aanze na kamati ya jengo, akieleza nani atalipia waya, nani atalipia umeme, na mita itasomwaje. Pesa hukataliwa mara chache kuliko mkanganyiko. Baadhi ya nchi zimeweka sheria upande wa mwenye gari: nchini Ujerumani, tangu tarehe 1 Desemba 2020, mwenye fleti na mpangaji wana haki ya kudai ruhusa ya kuwekewa chaja, kwa kawaida kwa gharama zao, na jimbo la California lina sheria zenye mwelekeo huo huo. Jijini Amsterdam, mkazi asiye na maegesho yake anaweza kuiomba manispaa iweke chaja ya umma karibu na anapoishi, na London imetumia nguzo za taa za barabarani kwa kazi hiyo. Inafaa kuuliza, kwa sababu jibu la manispaa linaweza kubadili thamani ya gari lako kuliko jambo lolote utakalofanya wewe mwenyewe.

Lisilofaa ni kushusha waya wa kurefusha kutoka dirishani hadi barabarani. Waya mwembamba uliobeba ampea 10 kwa saa kumi mfululizo hupata moto, hasa ukiwa umeviringishwa, na soketi kuukuu huyeyuka kimyakimya hadi harufu ikuamshe. Jirani yangu mmoja alinionyesha plagi yake iliyokuwa imegeuka kahawia upande mmoja, naye akaiita kovu la wiki moja.

Upande wa kuuza

Anayeuza hupoteza pesa kwa namna mbili: tofauti kati ya aliyonunulia na anayopewa, ambayo imekwishapotea na haipaswi kuongoza uamuzi, na gharama za gari jipya, yaani kodi, usajili, bima na ada ya dalali. La kulinganisha ni bei unayoweza kupata leo dhidi ya bei utakayopata baada ya mwaka mmoja wa kubaki na gari. Magari ya umeme yaliyotumika yalishuka bei kwa kishindo baada ya Tesla kupunguza bei za magari yake mapya mwanzoni mwa mwaka 2023, na mwaka uliofuata kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ikatangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000. Mtu aliyenunua kwa mkopo kabla ya hapo huenda anadaiwa zaidi ya thamani ya gari, na kwake kuuza ni kulipa deni la gari ambalo hana tena. Katika hali hiyo ningebaki nalo hata kwa kero, mpaka deni lishuke chini ya bei ya soko.

Zipo sababu nzuri za kuuza mapema. Waranti ya betri ikikaribia kwisha, bei hushuka, kwa kuwa mnunuzi anabeba hatari ambayo jana ilikuwa ya mtengenezaji. Plagi nazo zina wakati wake: magari yenye CHAdeMO, plagi ya chaji ya haraka iliyobuniwa Japani, yanazidi kukosa vituo vipya huko Ulaya na Amerika Kaskazini, na Ford na General Motors zilitangaza mwaka 2023 kwamba magari yao ya Amerika Kaskazini yatahamia plagi ya Tesla. Gari ambalo plagi yake inapitwa na wakati humuumiza asiye na soketi kuliko mwingine yeyote, kwani yeye hana njia ya pili.

Ukiamua kuuza, usilipeleke yadi moja kwa moja. Mwenye yadi hununua kwa hofu ya betri, ilhali mtu mwenye soketi nyumbani ananunua gari lile la kwanza kati ya yale mawili niliyoyataja mwanzoni, na kwake lina thamani ambayo kwako halina. Mpe cheti cha afya ya betri kilichopimwa na fundi anayetambulika, mwonyeshe rekodi za kuchaji, mwongezee kebo ya nyumbani ambayo wewe huihitaji tena, na ufute akaunti yako katika programu ya simu ya gari kabla ya kumkabidhi funguo. Gari likikaa wiki kadhaa likingoja mnunuzi, liache na chaji ya nusu hivi.

Kuhusu gari la kuchukua nafasi yake, neno moja tu: haibridi ya kuchomeka kwa mtu asiye na pa kuchomeka ni chaguo baya kuliko yote, kwa sababu atabeba uzito wa betri tupu na injini kwa pamoja. Haibridi ya kawaida inamfaa zaidi. Na aliyelipenda gari la umeme lakini lake lina betri ndogo, afikirie kulibadili kwa lenye betri kubwa zaidi kabla ya kurudi kwenye petroli.

Mizani yangu

Ningemshauri abaki nalo mtu mwenye betri ya uniti 50 au zaidi, anayeendesha chini ya kilomita 300 kwa wiki, na mwenye kituo cha haraka kinachofanya kazi, pamoja na cha pili cha akiba, katika njia anazopita hata bila haja ya kuchaji. Kituo kimoja hakitoshi, maana kikiharibika siku moja, wiki yake nzima inaharibika. Ningemshauri auze mtu mwenye betri ndogo, au anayesafiri mbali kila siku, au ambaye daftari lake linaonyesha dakika za kungoja zikiongezeka, kwa kuwa magari ya umeme yanapoongezeka mtaani kuliko vituo, foleni hazitapungua zenyewe. Yule aliye katikati ajipe wiki sita na daftari.

Langu lilikuwa na dakika 70 za kungoja katika wiki ya kwanza na 15 katika wiki ya sita, na uniti ya kituoni ilikuwa ghali kidogo kuliko theluthi ya lita. Kilichoamua ni soketi iliyokuwa nyuma ya stoo kazini, ambayo nilikuwa nimeipita kwa miaka mitatu bila kuitazama. Fundi umeme aliikagua, akaibadilisha na kuifungia mita ndogo, nami ninalipa uniti kila mwisho wa mwezi pamoja na bei ya chai ya ofisini. Siku za Jumanne na Alhamisi gari husimama hapo tangu asubuhi hadi jioni, na kituo cha haraka ninakipita mara moja kwa wiki mbili, dakika 20, nikiwa narudi kutoka sokoni.